Huyo "Murafuji" hayupo: kusoma kadi za zamani za besiboli za Kijapani

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Mi nipo Nagoya, mwaka wa tatu sasa nafanya kazi kiwandani. Tarehe 28 nilipita pale hekalu la Osu Kannon kwenye gulio la vitu vya kale nikanunua kopo la biskuti lina kadi 63 za zamani za besiboli, mzee kaniuzia yen 4,000. Kijapani changu ni cha kuombea maji tu. Nikizipiga picha na simu, programu ya kutafsiri inaniletea maajabu, kadi moja 'jeshi la majitu', nyingine 'mkono wa ngome ya tatu', nyingine 'chuma cha nchi', nyingine 'mfalme', na kuna mchezaji anaitwa Murafuji nimemtafuta kila mahali simwoni. Nimekutumia picha tatu. Nizitafsiri vipi, na ntajuaje kadi ni ya mwaka gani?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi sana kuona hizo picha, nimezikuza kwenye skrini usiku mzima na nakwambia ukweli, hilo kopo ulilopata siyo la kuchezea. Siongelei bei, hiyo tutaigusa kidogo huko chini. Nnachoongelea ni kwamba kwenye picha tatu tu umenionyesha vipindi vitatu tofauti vya besiboli ya Japani, na mtu wa kawaida anakaa miaka hajakutana na hivyo vitu kwenye kopo moja.

Sasa, kitu cha kwanza, hiyo programu ya simu iweke pembeni kabisa. Siyo kwamba ni mbaya, inasaidia kwenye menyu na barua za serikali za mtaa, ila kadi ya zamani haitafsiriki kama sentensi, kwasababu kwenye kadi hakuna sentensi. Kuna jina la timu, jina la mtu, na nafasi anayocheza, basi. Vitu vitatu, na vyote vitatu ni majina. Programu inajaribu kutafsiri majina, hapo ndo inapotea njia. Ni sawa na Mjapani akutane na kadi ya Yanga alafu aanze kutafuta "yanga" kwenye kamusi, atakesha, wakati mtoto yeyote wa Kariakoo anajua ni Young Africans imefupishwa. Kwahiyo kazi yako siyo kutafsiri, kazi yako ni kutambua.

Tuanze na Murafuji wako, kwasababu ndo kanifanya nikae chini niandike hili jibu refu.

Picha ya kwanza ni kadi nene ya boksi, rangi nyekundu na njano zimekolea, jamaa kachorwa mashavu ya rangi ya chungwa kashika gongo refu kuliko kawaida, na juu kuna herufi tano kwa mlalo. Simu yako imezisoma kutoka kushoto kwenda kulia hivi: 手塁三村藤. Ikakupa "mkono, ngome, tatu, Murafuji". Sasa zisome kutoka kulia kwenda kushoto: 藤村三塁手. Fujimura, sanruishu. Fujimura, mchezaji wa besi ya tatu, yaani kituo cha tatu cha kukimbilia. Huyo siyo Murafuji, ni Fujimura Fumio wa Osaka Tigers, mwaka 1949 alipiga homurani 46, yaani mipira ya kuvuka hadi nje ya uwanja, akawa mchezaji bora wa ligi, na lile gongo lake refu watu waliliita monohoshizao, yaani mti wa kuanikia nguo. Namba yake 10 klabu yake, ambayo sasa ni Hanshin Tigers, iliistaafisha. Mchoraji wa hiyo kadi alijua anachofanya, gongo kalichora linatoka hadi nje ya fremu. Umemtafuta Murafuji kila mahali wakati umeshika mkononi mmoja wa watu wakubwa kabisa wa besiboli ya Osaka.

Kwanini imeandikwa kinyume? Kijapani cha zamani kiliandikwa kwa wima, mistari inashuka chini na inahama kutoka kulia kwenda kushoto. Wakiwa na nafasi nyembamba ya mlalo, mfano juu ya kadi au kwenye kibao cha duka, waliandika kama vile kila mstari wa wima una herufi moja tu, kwahiyo unaanzia kulia. Baada ya vita kuisha 1945 ndo kushoto-kulia kama tunavyoandika sisi kukaanza kuwa kawaida, na kwa miaka michache mitindo yote miwili ikawa inatumika pamoja, unaweza kukuta hata kadi mbili za kifurushi kimoja zinapingana. Kwahiyo kila kadi yenye mchoro wa mkono na karatasi iliyochoka, kabla hujafanya chochote jiulize inasomeka upande gani. Njia rahisi ni kutafuta herufi 手, inaonekana kama mkono wenye mistari mitatu ya vidole, maana yake ni mkono na inakaa MWISHO wa jina la nafasi. Ukiikuta kushoto kabisa, ujue kadi inasomwa kutoka kulia. Mimi hiyo herufi moja imeniokoa mara nyingi mno.

Na hapo hapo tumalize habari ya nafasi, ni chache, zinajirudia. 投手 ni toshu, mrushaji. 捕手 ni hoshu, mdakaji. Hizo ngome zako, 一塁手 二塁手 三塁手, ni besi ya kwanza, ya pili na ya tatu, Wajapani waliona besi kama vituo vya kijeshi ndo maana wakachukua neno la ngome. 遊撃手, yugekishu, programu itakwambia "mpiganaji wa msituni" au kitu cha namna hiyo, huyo ni yule anayecheza katikati ya besi ya pili na ya tatu, anazunguka zunguka kuziba mianya. 左翼手, 中堅手, 右翼手 ni walinzi wa nyuma, kushoto, kati na kulia, usishtuke simu ikikwambia mchezaji ni wa mrengo wa kulia, hakuna siasa pale. 監督, kantoku, ndo kocha mkuu. Ziandike kwenye kikaratasi kibandike juu ya meza, ndani ya wiki mbili utakuwa huhitaji tena.

"Jeshi la majitu" ni 巨人軍, Kyojin-gun. Kyojin ni jitu, na gun kweli ni jeshi, ila kwenye besiboli ya zamani gun ilimaanisha timu tu. Hiyo ndo Giants ya Tokyo, klabu ya gazeti la Yomiuri, iliundwa Desemba 1934, na mpaka leo jina lake rasmi bado lina hiyo gun. Usiitafsiri, andika Kyojin, imetosha.

Sasa kuhusu mwaka wa kadi, hapa ndo penye utamu kwangu, na ndo sehemu ambayo watu wengi wanaruka wanakimbilia kumtafuta mchezaji. Anza na TIMU. Timu za Japani ni mali ya makampuni, na kwenye kadi za zamani mara nyingi jina la kampuni ndo linakuwa mbele, siyo jina la mji kama Marekani. Reli zilikuwa nyingi: Hanshin, Hankyu, Nankai, Kintetsu, Nishitetsu. Magazeti: Yomiuri, Chunichi, Mainichi. Filamu: Toei, Daiei, Shochiku. Taiyo ilikuwa kampuni ya uvuvi, ndo maana timu yake iliitwa Whales, nyangumi. Kampuni ikiuza timu au ikiungana na nyingine jina linabadilika, na kila jina linakuachia miaka yake kama muhuri.

Yaani chukua hii mifano uone. Ukikuta 西日本, Nishi-Nippon, hiyo timu ilicheza msimu mmoja tu, 1950, basi huna haja ya kuuliza tena. Ukikuta トンボ, Tombo, yaani kereng'ende, hiyo ni kampuni ya penseli ilikodi jina la timu kwa mwaka 1955, mwaka kabla yake na mwaka baada yake timu hiyo hiyo iliitwa 高橋, Takahashi, jina la mwenye timu. 松竹 ni 1950 mpaka 1952. 毎日 ni 1950 mpaka 1957, alafu ikaungana na Daiei ikawa 大毎, Daimai, 1958 mpaka 1963. 東映 ni 1954 mpaka 1972. Ile Tigers ya Fujimura iliitwa Osaka Tigers mpaka 1960, kuanzia 1961 ndo ikawa Hanshin Tigers, japo wakati wa vita napo iliitwa Hanshin tupu. Unaona? Jina la timu linakupa dirisha, alafu mchezaji unamtumia kulibana hilo dirisha.

Na wakati wa vita kuna alama nyingine. Kuanzia 1940 maneno ya Kiingereza yaliondolewa kwenye majina ya timu, Tigers wakawa Hanshin, Eagles wakawa Kurowashi yaani tai mweusi, na 1943 wakafika mbali zaidi hata mwamuzi akawa haruhusiwi kusema "strike", anasema "yoshi", yaani sawa. Mrushaji mkubwa wa Kyojin, Victor Starffin, mzaliwa wa Urusi aliyekulia Asahikawa kule Hokkaido, alilazimishwa kutumia jina la Kijapani, Suda Hiroshi. Kwahiyo kadi ikisema スタルヒン na nyingine ikisema 須田博, ni mtu yule yule, na ya pili ni ya wakati wa vita. Msimu wa 1945 ligi haikuchezwa kabisa. Mi kila nikishika kadi ya Suda nasikia uzito fulani, mtu anashinda mechi zaidi ya 300 maishani mwake na katikati ya hiyo safari ananyang'anywa jina.

Nimetaja スタルヒン hapo juu, hiyo ni katakana, na hapa sisi Waswahili tuna bahati ambayo Mwingereza hana. Katakana ni silabi, ka ki ku ke ko, ma mi mu me mo, kila herufi inaishia na irabu isipokuwa n, ni kama mdomo wetu tu. Starffin wanamwita Sutaruhin, wanaingiza irabu katikati kama sisi tunavyosema besiboli na wao wanasema besuboru. Jifunze katakana kwa wiki mbili, dakika ishirini kila siku ukitoka kiwandani, na utakuwa unasoma majina ya wageni, majina ya timu kama タイガース na ドラゴンズ, na maneno kama ホームラン bila kumuuliza mtu. Kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, zitakuja polepole baadae.

Nikuambie na kadi zenyewe ni za aina gani, maana hizo 63 hazifanani. Yenye boksi nene ni menko. Menko ulikuwa mchezo wa watoto, unaweka yako chini, mwenzako anaipigia yake kwa nguvu ardhini karibu nayo, upepo ukiigeuza yako anaichukua. Ndo maana ni nene na ndo maana pembe zimepondeka, hiyo siyo kasoro, hiyo ndo kazi iliyotengenezewa. Kuna za duara, za mstatili, na zilizokatwa kwa umbo la mchezaji. Wakusanyaji wa Marekani wanazipa vifupisho, JRM za duara, JCM za mstatili, JDM zilizokatwa umbo, na JBR ni buromaido, zile picha halisi nyeusi na nyeupe ambazo nyuma hazina kitu. Ukinunua au ukiuza onlaini hivyo vifupisho utakutana navyo kila saa.

Alafu kuna za pipi. Miaka ya mwanzo ya 1950 kulikuwa na karameli ya Kobai, kwenye kila boksi unakuta mchezaji wa Kyojin, ukitimiza timu nzima pamoja na kocha Mizuhara unapeleka unapewa zawadi kama glavu. Watoto walipeleka, kadi zikaondoka mikononi mwao, na ndo maana zilizobaki leo ni za kutafuta kwa tochi. Halafu 1973 kampuni ya Calbee, ile ya Hiroshima, ikaanza kuweka kadi na mifuko ya vitafunwa, na hizo ndo kila Mjapani wa umri wa miaka hamsini na kitu atakwambia alikuwa nazo. 1991 wakaja BBM na kadi za mtindo wa Marekani zenye seti kamili na namba, na mimi binafsi hapo ndo naweka mpaka, za kuanzia pale siziiti za zamani.

Kwenye kopo lako nimeona pia kwa pembeni kadi mbili zenye herufi moja kubwa ndani ya duara. Angalia vizuri, nadhani hizo ni karuta, mchezo wa kusomewa maneno na kuwahi kadi yenye herufi inayoanzia. Na hilo neno, mdogo wangu, ni ndugu wa damu wa karata yetu. Mreno alipita pwani yetu akatuachia carta ikawa karata, akaendelea na safari akafika Japani 1543, akawaachia carta ikawa karuta. Mi nilipolijua hili nilikuwa dukani Jimbocho kule Tokyo nimeshika boksi la karuta, nilikaa kimya dakika nzima.

Turudi kwenye picha ya pili. Hii ni menko ndefu ya picha iliyopakwa rangi, inasomeka kushoto kwenda kulia, imeandikwa 国鉄 na 金田投手. Hicho "chuma cha nchi" chako ni Kokutetsu, shirika la reli la taifa, koku ni nchi na tetsu ni chuma, yaani reli, kifupi cha jina refu. Timu ya Kokutetsu Swallows ilianza 1950 na jina hilo likaisha 1965. Mchezaji ni Kaneda Masaichi, jezi namba 34, aliyeshinda mechi 400, hakuna mwingine aliyefika hapo Japani. Kaneda alihamia Kyojin msimu wa 1965, kwahiyo kadi yako ni kati ya 1950 na 1964. Tubane zaidi: 国鉄 imeandikwa kwa herufi mpya. Kuna herufi za zamani na mpya, serikali ilirahisisha nyingi 1949, kwa hiyo 國鐵 ndo ya zamani na 国鉄 ndo mpya, na waliochapa menko walichelewa kubadilisha. Ukijumlisha na uchapaji wa picha ya rangi, umbo refu, na mwelekeo wa maandishi, mi naiweka mwishoni mwa miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 1960. Siendi mbali zaidi ya hapo kwa kuangalia mbele tu.

Nyuma yake umenionyesha namba ndefu ya tarakimu nane na mchoro wa ngumi. Wengi wanadhani hiyo namba ni siri ya kiwanda au ni mwaka, wanapoteza wiki. Ni mchezo tu, watoto walishindanisha namba, mwenye kubwa anakula, na ngumi ni "guu", yaani jiwe, kwenye jan-ken, ule mchezo wa jiwe, mkasi na karatasi. Ila usiidharau, kadi za seti moja mara nyingi zina mpangilio mmoja wa namba na alama, kwahiyo nyuma ndo panakuambia zipi zilizaliwa pamoja. Panga hizo 63 kwa migongo yake, siyo kwa sura. Ukiona muhuri wa 当り au アタリ, ni "umepata", mwenye duka la pipi anampa mtoto kadi kubwa zaidi, na kadi yenye huo muhuri iweke pembeni kwa heshima.

Kuhusu jina la Kaneda nataka nikae kidogo, kwasababu hapa ndo nilipokosea kwa miaka. Jina lake la pili ni 正一. Ukimpa Mjapani yeyote asome bila kumjua mtu, atasema Shoichi, ndo usomaji wa kawaida. Mimi kwenye daftari langu niliandika Kaneda Shoichi mara kumi na moja, nikauza kadi mbili na maelezo hayo, mpaka mzee mmoja mwenye duka la vitabu vya zamani akachukua peni yangu akaandika pembeni kwa hiragana, herufi za silabi kama katakana, ma-sa-i-chi. Akaniambia jina la mtu halisomwi, linaulizwa. Kanji ina usomaji zaidi ya mmoja na mzazi ndo anachagua, 山崎 anaweza kuwa Yamazaki au Yamasaki, 河野 Kono au Kawano, na kamusi haiwezi kukusaidia hata kidogo. Kwahiyo kila jina lihakikishe kwenye rekodi za mchezaji mwenyewe, ligi ya Japani ina orodha ya wachezaji wote na usomaji wake, unatafuta kwa kanji unanakili kwa hiragana. Ukishindwa kulihakikisha, andika kanji tu na uache nafasi wazi.

Na hata herufi zenyewe zinaweza kubadilika kwa mtu mmoja. Nagashima Shigeo, yule namba 3 wa Kyojin aliyefariki Juni 2025, enzi za kucheza kadi na magazeti yalimwandika 長島, baadae ikawa 長嶋. Ukitafuta kwa moja tu utakosa nusu ya kadi zake.

Picha ya tatu, "mfalme". Hapa programu haikukosea sana, 王 kweli maana yake mfalme, ila ni jina la ukoo, O. Huyo ni O Sadaharu, baba yake Mchina, homurani 868 mpaka anastaafu 1980. Kadi ni ya Calbee, picha halisi ya rangi, mguu wa kulia umenyanyuka kama korongo. Kadi za Calbee za miaka ile usitegemee kukuta mwaka umeandikwa waziwazi, ila nyuma kuna aya fupi ya hadithi na ndani ya hadithi ndo kuna mwaka. Kwenye yako nasoma 756号. Hiyo 号 inahesabu homurani, homurani ya 756, na aliipiga 3 Septemba 1977 uwanja wa Korakuen, akampita Hank Aaron wa Marekani mwenye 755. Kwahiyo kadi haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Ukikutana na mwaka wa Kijapani, hesabu ni rahisi. 昭和 ni Showa, jina la enzi ya mfalme wao, chukua namba jumlisha 1925. Showa 15, mwaka aliozaliwa O, ni 1940. Showa 52 ni 1977. Mara nyingine wanaacha neno Showa wanaandika 52年 tu, na wageni wanadhani ni 1952, hilo kosa nimeliona kwenye matangazo ya kuuzia mara nyingi sana, tena kwa watu wazoefu.

Takwimu nazo zina lugha yake. 打率 ni wastani wa kupiga, na mara nyingine badala ya 0.325 wanaandika 三割二分五厘, wari tatu, bu mbili, rin tano. Wari ni sehemu ya kumi, bu ya mia, rin ya elfu. 勝 ni kushinda, 敗 ni kupoteza. 右投右打 anarusha kwa kulia anapiga kwa kulia, O ni 左投左打, kushoto kote. Kwenye kadi za zamani zaidi urefu ni kwa shaku na sun, uzito kwa kan: shaku moja ni sentimita 30.3, sun ni sehemu yake ya kumi, kan moja ni kilo 3.75. Mchezaji wa shaku 5 na sun 8 ana kama sentimita 176, na wa kan 20 ana kilo 75.

Sasa nakuomba sana kitu kimoja. USIZISAFISHE. Najua Nagoya kiangazi ni joto la kupikia chapati na kopo limeanza kuota kutu, ila usizifute na kitambaa chenye maji, wala pombe, wala kifutio. Mwaka wangu wa pili nilifuta menko moja ya 1948 hivi, kitambaa kimelowa kidogo tu, rangi nyekundu ikaja yote kwenye kitambaa na uso wa mchezaji ukabaki kivuli. Wino wa menko za baada ya vita haukutengenezwa kudumu. Ile kadi ninayo mpaka leo na inaniuma. Toa zote kwenye kopo, tandaza kwenye karatasi kavu ndani ya chumba kisicho na jua siku mbili, alafu ingiza kila moja kwenye kava la plastiki lisilo la PVC, linapatikana duka lolote la kadi, na ukitupia kipakiti cha kunyonya unyevu itakuwa vizuri. Usilamineti, usigundishe kwenye albamu. Na kama mbili zimegandana, ziache hivyo hivyo, watoto wengine walizigundisha makusudi ziwe nzito na wengine walizipaka nta ya mshumaa ili zipige vizuri.

Uhalisi: nunua ile taa ndogo ya UV ya kukagulia noti. Karatasi za kisasa zina dawa ya kung'arisha, zinawaka bluu, karatasi ya menko ya miaka ya 1940 inabaki kimya. Ikiwaka sana na muuzaji anasema ni ya kabla ya vita, rudisha. Angalia pia 復刻, fukkoku, maana yake imechapwa upya, hata Calbee wenyewe wamewahi kutoa za namna hiyo, siyo utapeli ila siyo za zamani.

Bei kwa kweli sitakupa kwa kuangalia picha. Wa Kyojin wanapendwa kuliko wote, Nagashima na O ndo wanaongoza, na kadi za mwaka wa kwanza wa mchezaji, 1958 kwa Nagashima na 1959 kwa O, ndo watu wanazipigania. Ila Fujimura wako ana soko lake Osaka, na kadi ya timu iliyoishi mwaka mmoja inaweza kumshinda nyota. Usiuze hata moja kabla hujazisoma zote 63.

Fanya hivi. Nunua daftari, kila kadi mpe ukurasa: nakili kanji zote kwa mkono wako jinsi zilivyokaa, weka mshale unaonyesha upande wa kusoma, chini yake timu, jina kwa hiragana ukishalihakikisha, nafasi kwa Kiswahili, na dirisha la miaka. Kunakili kwa mkono ndo kunafundisha jicho, simu haikufundishi chochote. Anza na zile zenye katakana, alafu zenye 手, ngumu ziache mwisho.

Na kwenye picha ya kwanza, chini kushoto nyuma ya kidole chako gumba, kuna kadi ya duara imejificha, naona nusu ya herufi inayofanana na 翼. Kama ni yenyewe, Tsubasa, hilo ni jina la timu ya wakati wa vita. Nitumie picha yake mbele na nyuma, mchana karibu na dirisha, bila flashi.